Kofia ya Muzima Moto

Ukipita katikati ya mji wetu wa Lubumbashi, karibu na lile Jengo la 30 Juin, simama kidogo. Pale kuna nyumba ya makumbusho, ile watu huita tu Musée. Wengi wetu tunapita kando yake tukienda sokoni ao kwenye biro, na hatujaingia hata siku moja. Mimi pia nilikuwa hivyo. Kofia moja ya chuma ndiyo iliniingiza.

Ilikuwa hivi. Nilienda kumtembelea mama mjane katika kambi ya zamani ya watumishi wa mgodi. Nilikuta wanunuzi wa mitraille mlangoni na mizani yao. Wajukuu walikuwa wametoa sufuria iliyotoboka, kitanda kilichovunjika, na juu yake kofia nzito ya muzima moto. Nkambo wao alitumika miaka mingi katika kikosi cha bapompie wa kiwanda. Mama akaniambia: «Pasta, ile kofia njo ya bwana yangu. Lakini bana bako na njala. Nifanye namna gani?»

Sikuwa na jibu la haraka. Nilitoa zile franga ambazo watu wa mizani walitaka kulipa, na kofia ikabaki nyumbani. Kesho yake nikaenda Musée kuona vitu vya zamani vinatunzwa namna gani.

Mji uliozaliwa na moto

Ndani niliona misalaba ya shaba, zile croisettes za Katanga. Wazee wetu walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakapuliza kwa mivukuto mpaka mukuba ukatiririka kama maji. Waliumimina katika kalibu, nao ukawa msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa feza ya kununulia vitu. Ilizikwa pia pamoja na wafu: pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi waliikuta katika makaburi mwaka wa 1957.

Kisha moto ukawa mkubwa. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, mji wetu mwaka wa 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikamiminwa hapa. Cheminée ile ya metre 153 na mlima mweusi kando yake vinatukumbusha kazi hiyo mpaka leo. Katika miaka ya 1990 tanuru zikazimika, na familia nyingi zilizokuwa zikisema «kampani njo baba, njo mama» zikabaki kama yatima.

Nilitembea chumba kwa chumba nikiwaza. Tunawakumbuka wale waliowasha moto. Na wale waliouzima je? Sikuona kofia hata moja kama ile ya mama. Lakini penye chuma cha kuyeyuka, makala na mafuta, lazima awepo mtu anayelala viatu vikiwa karibu na kitanda, tayari kushika mpira wa maji. Mzee yule hakutoa hata kilo moja ya shaba. Matunda ya kazi yake ni nyumba ambazo hazikuungua na baba waliorudi kwa watoto wao jioni. Mambo kama hayo hayaandikwi kwa urahisi, na kwa hiyo yanasahauliwa upesi.

Vitu vya nyumbani vinasema

Usifikiri kwamba Musée ni ya vitu vya wafalme tu. Kuanzia mwaka wa 2000, walimu wa Université de Lubumbashi na wenzao walifanya kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Walikusanya picha, masimulizi na vitu vya kawaida kutoka kwa familia za mji, na vikaonyeshwa watu wote wavione.

Moto wenyewe unaweza pia kula ukumbusho. Tarehe 16 Machi 2010, kule Kasubi, Uganda, nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme wane wa Buganda iliungua usiku mmoja. Waliijenga tena kwa miaka mingi. Basi kulinda ukumbusho na kuzima moto ni kazi za ndugu wawili.

Soma Yoshua sura ya 4. Mungu aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe mtoni Yordani, ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na neno la kuwajibu. Jiwe peke yake ni jiwe tu. Linahitaji baba ao mama wa kulisimulia.

Kwa hiyo fanya hivi, mpendwa. Ukiwa na kofia, taa ya mgodi, kitabu cha kazi ao picha ya zamani, andika kwenye karatasi: ni ya nani, alitumika wapi, miaka gani. Weka pakavu, mbali na buji na mbabula. Usikisugue mpaka alama zake zipotee. Ukishindwa kukitunza, uliza kwanza Musée kabla ya kuita mizani.

Niliporudi kwa mama, tuliandika karatasi ya namna hiyo na kuiweka ndani ya kofia. Aliyeshika kalamu ni mjukuu mkubwa, yule aliyeibeba mpaka mlangoni. Alimuuliza nkambo wake maswali mpaka usiku ukaingia, na mimi nikaaga wangali wanaongea.