Ajali na Sababu

Neno ajali tulilipokea kutoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa mwisho wa uhai. Lilipotua pwani yetu lilipanuka, likawa jina la kila msiba wa ghafula, wala halikuacha harufu ya kwao. Ndiyo maana mtu akivunjika mguu barabarani hupewa pole kwa methali: ajali haina kinga. Methali hutuliza moyo. Mguu wahitaji tabibu mwingine.

Binamu yangu wa Kisarawe aligongwa na lori huko Kibaha, akingoja basi kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Wazee wa ukoo walimwasa ashukuru kuwa yu hai, asimtafute mtu. Alishukuru. Miaka miwili ikapita. Mguu haukurudi shambani, na watoto hawakushiba shukrani. Kwa sheria ya Tanzania, madai ya namna hii hufungiwa mlango baada ya miaka mitatu. Tulikwenda kwa wakili pamoja.

Wakili aliuliza maswali mawili. Je, dereva alizembea, yaani aliacha uangalifu ambao mtu mwenye busara angeuchukua kwa ajili ya wenziwe? Na je, uzembe huo ndio uliouvunja mguu? Swali la kwanza watu hulijua; la pili hulisahau. Lori lenye breki mbovu likiwa limeegeshwa mahali pa halali, kisha basi likaligonga kwa nyuma, ubovu ule ni kosa, lakini sio ulioleta msiba.

Mfano mzito ulitokea London. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1966 walinzi watatu walikunywa chai, wakatapika, wakaenda hospitali. Daktari hakuwatazama, aliagiza kwa kinywa cha muuguzi warudi kwao. Mmoja alikufa kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikiri kuwa uzembe ulikuwapo, lakini mjane hakupata fidia, kwa kuwa hata mumewe angepokewa mara moja, tiba isingemwahi. Hukumu hiyo ni chungu, lakini mantiki yake ni wazi: lawama ni kitu kimoja, na sababu ni kingine.

Kwa binamu yangu mambo hayo mawili yalishikana. Mashahidi walisema lori lilikimbia kupita kiasi, likaacha njia, likamfuata pembeni aliposimama. Angalikuwa amesimama katikati ya njia, mahakama ingaliweza kumgawia sehemu ya lawama, na fidia ikapungua kwa kadiri hiyo. Madai yalifunguliwa kabla ya muda kukatika, na yangali mahakamani.

Simwombi mtu aitupe methali ya wazee. Naomba tumtazame asemaye. Ikisemwa na aliyeumia, ni subira; ikisemwa na aliyeumiza, ni hila. Siku ya kufa haina kinga, lakini mwendo wa gari una breki, na breki ina mtu aliyekabidhiwa kuikanyaga.