Chanda chema hutunzwa kabla ya kuvikwa pete

Ukitaka kujua mtu afanya kazi gani, mtazame mikono. Ya mwashi ina saruji kwenye kucha. Ya mwalimu ina chaki. Na ya mshonaji, awe ni fundi wa cherehani, mama anayefuma vitambaa vya makochi jioni, au msichana anayeunga mfarishi wa viraka, aghalabu ina ncha za vidole zilizokauka na kukwaruza kama msasa.

Wengi hudhani kuwa hilo ni jambo la urembo tu. La hasha! Kidole kikavu hunasa nyuzi za satini na hariri, zikavutika na kuacha mistari isiyofutika. Ngozi ikipasuka, tone moja la damu kwenye gauni la arusi laweza kula faida ya kazi nzima. Kwa mtu anayekula kwa sindano, mkono ni mtaji.

Mama yangu mzazi alishona sare za shule huko Nakuru. Kila Desemba alikaa kwenye cherehani tangu alfajiri hadi usiku, ili sare ziwe tayari shule zikifunguliwa Januari, wakati wa kiangazi na upepo mkavu. Vidole vyake vilipasuka pembeni mwa kucha. Alivifunga plasta, lakini mwenye plasta kidoleni haihisi nguo vyema. Kuna mwaka alirudisha vitambaa vya watu bila kuvishona, na pesa hizo ndizo zingalikuwa karo yetu. Tangu hapo sijaona mafuta ya mikono kuwa anasa.

Kwanza tujiulize, kwa nini mikono ya mshonaji hukauka? Pamba na drili hufyonza mafuta ya ngozi kila unapozipapasa. Chaki ya kuchorea nayo hukausha. Vitambaa vingine hutiwa kiwandani dawa ya kuzuia makunyanzi, na dawa hiyo huwawasha watu fulani; ndiyo maana ni vizuri kufua kitambaa kabla ya kukikata, ikiwa ni cha kufulika.

Fauka ya hayo, mshonaji hunawa mara nyingi ili asichafue kazi, na sabuni ya kipande tunayofulia nguo ni kali kwa ngozi. Ongeza hewa ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nawe utaelewa kwa nini anayetoka Mombasa huanza kujikuna baada ya siku chache.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Neno langu kwako ni hili: anayeshona ahitaji mafuta ya aina mbili, si moja. Ya usiku ni kwa ajili ya ngozi. Ya mchana lazima yaihurumie nguo pia.

Ya usiku yawe mazito. Petroli jeli ya kawaida, ile ipatikanayo katika kila kioski, yatosha kabisa. Haiongezi maji kwenye ngozi, bali huyafungia yale yaliyomo yasitoroke. Kwa hivyo usiipake mikono ikiwa mikavu kama kuni. Nawa kwa maji ya vuguvugu, futa kidogo ukiacha unyevu, kisha upake papo hapo. Zidisha pembeni mwa kucha na kwenye nyufa. Vaa soksi kuukuu za pamba mikononi, ulale. Watoto watakucheka, lakini wewe nyamaza tu. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri, ingawa katika baridi ya Julai utayakuta yameganda chupani. Yapashe moto kidogo viganjani.

Ya mchana ni krimu nyepesi. Soma paketi. Vitu vilivyomo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukiona cha kwanza ni maji, mara nyingi yameandikwa Aqua, na gliserini iko karibu na mwanzo, hiyo yafaa. Gliserini huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Ukiona petroli jeli, nta au mafuta ya nazi ndiyo yanayotangulia, iweke ya usiku. Ngozi ikiwa imekakamaa sana, tafuta krimu yenye yurea, ambayo hulainisha magamba, ila itachoma kidogo penye kidonda.

Manukato nayo tuyaseme. Harufu nzuri haiponyi ufa, na kwa ngozi iliyochubuka yaweza kuleta mwasho. Lanolini, mafuta yatokayo kwenye sufi ya kondoo, ni mazuri mno kwa wengi, lakini kuna wanaodhurika nayo. Ukinunua krimu usiyoijua, ijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku chache kabla ya kuipaka viganja vizima.

Mwaka jana, binti ya jirani anayesomea ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi alinijia machozi yakimlengalenga.

"Shangazi, kazi hii siiwezi. Mwalimu amesema blauzi yangu ya satini ina mikwaruzo na madoa. Mtihani ni mwezi ujao."

"Hebu nione mikono," nikamwambia.

Ilikuwa mikavu, naam, lakini haikuwa mikono mibaya. Akatoa mkobani krimu nzito ya bei, aliyoinunua kwa nauli ya wiki nzima, yenye harufu iliyofika hadi jikoni. Alikuwa akiipaka darasani, kisha anashika satini papo hapo.

"Mwanangu, hii ni ya usiku," nikamwambia. "Usiitupe. Asubuhi utatumia nyingine, ya bei ndogo."

Nilimwonyesha ninavyofanya mwenyewe. Unachukua krimu kiasi cha punje ya harage. Unaanzia nyuma ya mikono, kisha viganja, vidole mwisho. Unasubiri kama dakika 15, ukipanga nyuzi na kufanya mengine. Halafu unabonyeza vidole kwenye karatasi nyeupe nyembamba na kuiinua kwenye mwanga. Ukiona alama inayong'aa, pangusa mikono kwa kitambaa safi na usubiri tena. Karatasi ikibaki safi, shika satini yako bila hofu.

Wiki ya tatu vidole vyake havikunasa uzi tena. Blauzi ya mtihani aliimaliza bila doa, na chuo hakukiacha. Nafikiri mara kwa mara juu ya vijana wanaoacha ufundi wakidhani hawana kipaji, kumbe wanachokosa ni mafuta ya shilingi chache na mtu wa kuwaelekeza.

Na kama doa la mafuta limekwisha kuingia kwenye nguo? Usipige pasi, maana joto hulikaza. Nyunyizia poda isiyo na rangi au wanga wa mahindi, uache saa kadhaa unyonye mafuta, kisha ukung'ute polepole. Kama kitambaa chafulika, malizia kwa tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Hariri isiyotaka maji mpelekee dobi.

Jambo moja siwezi kulipita kimya. Sokoni utauziwa krimu ya "kulainisha na kung'arisha" mikono. Jihadhari! Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo havitakiwi kabisa katika vipodozi vya kujipaka hapa Kenya. Zebaki hudhuru figo. Nyingine zina steroidi, ambayo ikipakwa ovyo kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Ngozi ya namna hiyo itastahimilije sindano?

Tena, si kila mkavu huponywa na krimu. Ufa usiofunga kwa wiki mbili, usaha, mwasho unaokunyima usingizi au malengelenge ni mambo ya daktari. Huenda ni ukurutu, au ni ukungu wa ngozi. Mwenye ugonjwa wa kisukari asingoje hata hizo wiki mbili.

Basi, ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayeshona, usimpelekee suruali ya kufupishwa peke yake. Mpelekee pia kichupa cha mafuta. Mwoshee vyombo usiku mmoja mmoja, maji ya sabuni yasimmalize vidole. Nawe unayeshona, usingoje pesa za gauni lijalo ndipo uikumbuke mikono iliyoshona gauni hili. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nami naongeza kuwa hata kabla ya pete, kipakwe mafuta.