Fidia Inayofuata Ramani

Mjomba,

Swali lako kutoka Garsen limenifikia: ni kweli serikali ya Marekani humlipa mfugaji mvua ikikataa? Kweli, hulipa. Ila kabla hujawapelekea wazee habari hizo, nisikilize kwanza.

Nipo Nebraska, jimbo la ng'ombe. Kaunti yake kubwa kuliko zote, Cherry, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000 na watu wasiofika 6,000. Ni vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, na kila ranchi ina seng'enge yake. Nyasi zikikauka, hakuna kuhamia kwa jirani.

Kila Alhamisi hutolewa ramani ya ukame ya nchi nzima. Huchorwa na wataalamu wa chuo kikuu hapa Lincoln wakishirikiana na serikali, tangu 1999. Rangi nyekundu, ya ukame mkali, ikigusa kaunti msimu wa malisho, wafugaji wake hustahili fidia ya sehemu ya gharama ya lishe. Ofisi ya Wizara ya Kilimo hushughulikia madai, chini ya kamati ya kaunti inayochaguliwa na wakulima wenyewe.

Nilimsindikiza mfugaji mmoja kwenda kujaza fomu. Karani alitandaza mezani picha ya ranchi iliyopigwa kutoka angani, akafuatisha mipaka ya malisho kwa kalamu. Mfugaji akachomoa kijidaftari mfukoni mwa shati, kurasa zimekunjamana kwa jasho: ndama waliozaliwa, mitamba waliouzwa, tarehe zote. Wakalinganisha mstari kwa mstari. Hakuna aliyetaja chama wala ukoo.

Utaratibu huo una ukali wake pia. Asiyesajili malisho yake kwa wakati hapati kitu, hata mbavu za ng'ombe wake zihesabike kwa macho. Na rangi ikiishia mpakani mwa kaunti, wa upande huu hulipwa, wa ng'ambo ya barabara hubaki akitazama vumbi lilelile.

Wala usidhani pesa huja mbio. Mpango huu wa fidia uliisha muda wake Septemba 2011, Bunge la Marekani likachelewa kuurejesha. Ukame mkubwa wa 2012 ukawakuta wafugaji mikono mitupu. Sheria ilipitishwa Februari 2014, ikalipa hasara za nyuma na kuufanya mpango kuwa wa kudumu. Lakini Januari ya mwaka huo ng'ombe wa Marekani walikuwa wamepungua kuliko wakati wowote tangu 1951. Aliyekwisha kuuza majike yake, fidia ilimkuta na zizi tupu.

Kwetu maarifa hayakosekani. Tangu 2010 kule Marsabit, bima ya mifugo hutumia satelaiti kupima ukijani wa malisho, na 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia wafugaji bima ya aina hiyo. Lakini ninachowaonea wivu watu wa huku ni kwamba kipimo kinajulikana kabla janga halijafika, na mtu anaweza kudai fidia kama haki yake.

Kwa hiyo wakubwa wakija na magunia ya msaada, wazee wapokee, kisha waulize: fidia hupimwa kwa kipimo gani, imeandikwa wapi, na orodha itabandikwa lini? Nawe uwe na majibu yako tayari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika ng'ombe wako, mjomba, waliopo na waliokufa.

Nisalimie wote.

Mpwa wako,
Lincoln, Nebraska