Sauti ya Fanani katika Filamu ya Wakaliga

Wahakiki wengi hupenda kila kazi ya sanaa iwe na ukoo mmoja. Tanzia na iwe tanzia, futuhi na iwe futuhi. Mwenye kuzichanganya huambiwa kwamba hajui kazi yake. Sisi tunaofundisha fasihi tumekuwa tukiwapa wanafunzi wetu kipimo hicho mwaka hata mwaka. Lakini ipo filamu moja ya jirani zetu wa Uganda ambayo haipimiki kwa kipimo hicho, nayo yafaa tuitazame kwa makini, maana inagusa utamaduni wetu wenyewe.

Filamu hiyo, Who Killed Captain Alex?, inauliza katika jina lake ni nani aliyemuua Kapteni Alex. Ilitengenezwa mwaka 2010 na Isaac Nabwana katika Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Kampala. Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Gharama ya filamu yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta aliiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Bunduki ziliungwa kwa vyuma chakavu. Helikopta zinazoushambulia mji zilichorwa ndani ya kompyuta. Waigizaji walijitolea, kisha wakazunguka wenyewe kuuza diski za filamu mlango kwa mlango.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Kapteni Alex, shujaa wa jeshi, anatumwa kulivunja genge la majambazi linaloongozwa na mtu aitwaye Richard. Katika kazi hiyo anauawa. Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kumtafuta muuaji ili alipize kisasi. Hapo vita vya askari vinageuka kuwa mapigano ya ngumi na mateke, na msiba unageuka kichekesho. Juu ya hayo yote imo sauti ya mtu asiyeonekana, VJ Emmie, anayeeleza kisa, anayewatania wahusika, anayeshangilia risasi zinapolia, na anayeisifu filamu yenyewe huku ikiendelea.

Mtazamaji aliyezoea filamu za Ulaya na Marekani anaweza kuona hapo fujo tupu. Sisi tulipoitazama tuliwakumbuka bibi zetu. Msimulizi wa ngano hakujificha nyuma ya hadithi yake. Alikatiza kisa katikati ya kilio ili amtanie mjukuu anayesinzia. Aliimba, akatisha, akachekesha, na hadhira ikamwitikia. Hakuna aliyemlaumu kwa kuchanganya tanzu, kwa kuwa hadithi ilikuwa mali ya wote waliouzunguka moto, na kila mmoja alihitaji sehemu yake.

Wala Wakaliga haiko peke yake. Katika vibanda vya video vya Kampala wasimulizi wa namna hiyo ni watu mashuhuri. Tanzania alivuma Lufufu, aliyezitilia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili. Kenya anajulikana DJ Afro kwa kazi kama hiyo. Bila kutumwa na shule yoyote, watu hawa walizichukua picha zilizotengenezwa mbali wakazileta barazani. Nabwana aliongeza hatua moja: picha nayo ikawa ya nyumbani.

Hata hivyo yapo mambo mawili ya kuyapima. La kwanza ni kicheko. Filamu hii imetazamwa na mamilioni ya watu duniani kwa njia ya intaneti, na wako wanaoicheka kwa sababu tu ni kazi ya maskini. Kucheka pamoja na mtu si sawa na kumcheka mtu. VJ Emmie anaijua tofauti hiyo, ndiyo sababu humtangulia mgeni kwa mzaha. Aliyekwisha kujitania mwenyewe ni vigumu kumfedhehesha.

La pili ni lugha. Wahusika husema Kiganda, lakini sauti ya VJ katika toleo linalojulikana zaidi ni ya Kiingereza. Sababu yake twaielewa: kazi ilitafuta watazamaji wa mbali. Lakini fanani akimgeukia mgeni peke yake, yule mjukuu aliyeketi karibu na moto atabaki na nini? Lufufu alikivuta cha mbali kikaja kwetu kwa lugha yetu. Kupeleka chetu ng'ambo ni jambo jema, ila kazi ya Lufufu isife kwa ajili hiyo.

Filamu inakwisha bila kulijibu swali lililo katika jina lake. Katika vitendawili vyetu, hadhira ikishindwa hutoa mji, na mtegaji akishapewa mji hufumbua fumbo. Nabwana hakuomba mji, wala hakufumbua. Tunawashauri walimu wenzetu walitumie pengo hilo. Wanafunzi na watunge wenyewe mwisho wa kisa, wauigize mbele ya darasa, na mmoja wao asimame kando awe fanani wa Kiswahili: aeleze, atanie, akatize, aitikiwe. Kisha na waulizwe ni wapi sauti yake iliupa mchezo uhai, na ni wapi iliufunika. Kwa zoezi hilo hata hizo dola 200 hazihitajiki.