Chaji Kabla ya Daraja

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, sisi watu wa Nachingwea tuliishi kwa ratiba ya Mto Rufiji. Pantoni ya Ndundu ikikwama, au njia ikigeuka tope kati ya Desemba na Aprili, hakuna basi wala lori, na kipuri ulichoagiza Dar es Salaam kinakaa upande wa pili wa mto hadi Mungu apende. Wenzangu wanaikumbuka hali hiyo kwa bei ya sukari na saruji. Mimi naikumbuka kwa alteneta. Nilikuwa fundi umeme wa ndege ndogo, na naamini kabisa kwamba ugumu ule wa barabara ndio uliotufundisha kuutafuta ubovu wa chaji kwa utaratibu wake.

Ndege si mgeni Nachingwea. Mji huu ulikua na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzia Kongwa mwaka 1947 ukafika Urambo na kwetu. Walileta reli kutoka pwani, wakajenga karakana za matrekta na uwanja wa ndege. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Uwanja ukabaki. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO wakaweka kambi yao kwetu, na Mei 1975 kiongozi wao, Samora Machel, akavuka Ruvuma kwenda kuipokea nchi yake ya Msumbiji. Hayo yameandikwa vitabuni. Ambalo halijaandikwa ni kwamba karakana za karanga ziliacha nyuma watu walioujua umeme wa injini kwa mikono yao, nao wakawarithisha wapwa zao.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa watu hao. Alianza na dainamo za matrekta, akaendelea na za malori ya korosho, na chombo chake cha kupimia kilikuwa balbu ya taa ya gari iliyofungwa waya mbili. Balbu ikiwaka kwa ukali wake, umeme umefika. Ikiwaka wekundu, kuna mahali unapotelea. Isipowaka, njia imekatika. Alinitaka nianze na betri, nihamie kwenye waya unaoshika bodi, nifuate njia mpaka kwenye katauti, kifaa kinachozuia umeme wa betri usirudi kwenye dainamo, na mashine yenyewe iwe ya mwisho kuguswa. “Mpwa,” alikuwa akisema, “usifungue dainamo kama hujajua unamtafuta nani humo ndani.”

Dainamo ilistahili subira hiyo. Chuma chake hubaki na sumaku kidogo hata injini ikizimwa, na kwa sumaku hiyo ndiyo hujianzishia umeme safari inayofuata. Ikikaa muda mrefu bila kazi, sumaku ile hufifia, na fundi asiyejua huitangaza kuwa imekufa, kumbe inahitaji kushtuliwa kwa mguso mfupi wa waya kutoka kwenye betri. Tena injini ikizunguka polepole, dainamo haichaji. Ndege za zamani zilizokuwa nayo zilikula betri zikiwa bado zinatambaa ardhini, na rubani aliyesubiri muda mrefu mwisho wa uwanja, redio na taa zikiwa zimewashwa, aliruka na betri iliyochoka.

Alteneta iliondoa shida hiyo. Kampuni ya Chrysler iliiweka kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, baada ya diodi za silikoni kuwa ndogo na imara kiasi cha kutosha, na katikati ya muongo huo watengenezaji wa ndege ndogo nao wakaifuata. Ni nyepesi zaidi, na huchaji hata injini ikizunguka polepole. Lakini haina ile sumaku ya akiba ya kutosha. Lazima ipewe umeme kidogo kutoka kwenye betri, kupitia waya mwembamba unaoingia kwenye terminali ya F, ndipo iamke. Betri ikifa kabisa, unaweza kuizungusha panga boi kwa mkono, injini ikawaka vizuri, na alteneta nzima isitoe hata volti moja.

Hapo ndipo watu wasio wa fani hii huuliza: injini inawakaje bila umeme? Injini nyingi za ndege ndogo zina magneto mbili zinazojitengenezea cheche zenyewe, hazitegemei betri wala alteneta. Chaji ikikatika angani, injini inaendelea kunguruma kama kawaida, na hilo ndilo linalowaponza marubani. Hakuna kinachoshtua. Betri inaliwa taratibu, redio inaanza kukoroma, kisha vinazimika kimoja kimoja: redio, kifaa cha kuonyesha njia, geji za mafuta, mota ya kushushia flapsi. Mchana, hewa ikiwa safi, rubani atatua salama. Usiku, au juu ya mawingu mazito ya Januari yaliyofunika kuanzia Ruangwa hadi pwani, hayo ni mambo mengine.

Mwalimu wangu wa ndege alisomea Soroti, Uganda, kwenye chuo cha urubani na ufundi kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Alikuja na Avometa, mita nzito ya Kiingereza yenye sindano na kioo kipana, akaiweka mezani pale ambapo nilizoea kuweka balbu ya mjomba. Mpangilio wa kazi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa “wekundu” wa balbu ulikuwa na namba. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6. Injini ikishika mwendo, mfumo mzima unapaswa kupanda hadi karibu 14. Ukibaki kwenye 12 na ushei, jua kwamba betri peke yake ndiyo inayobeba mzigo. Kwa ndege za volti 24 namba hizo zinaongezeka maradufu, na nzuri ni karibu 28.

Alinifundisha pia kuisoma amita, jambo ambalo hadi leo naona linawachanganya watu wenye uzoefu. Kuna amita ambayo sindano yake hukaa katikati: ikiinamia kulia betri inachajiwa, ikiinamia kushoto inaliwa, na sifuri ni habari njema. Kuna nyingine inayopima mzigo ambao alteneta inaubeba, na kwa hiyo sifuri maana yake ni kwamba alteneta imelala. Rubani akihama kutoka ndege ya kwanza kwenda ya pili bila kuelezwa, ataiona sifuri, ataridhika, na ataendelea kuruka huku betri inakwisha. Nilibandika maelezo ya maandishi makubwa chini ya kila amita niliyoihudumia.

Kazi yetu nyingi ilikuja wakati wa kiangazi, ndege zilipokwenda upande wa Liwale na Selous kuwahesabu tembo. Sensa ya anga ya mwaka 1976 ilikuta tembo zaidi ya 109,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Ile ya mwaka 2013 ilikuta 13,084. Naziweka namba hizo hapa kwa sababu kwangu zina uhusiano na umeme. Kadiri tembo walivyopungua ndivyo hesabu ilivyohitaji kuwa makini zaidi, na ndivyo vifaa vilivyoongezeka ndani ya ndege: redio ya pili, kifaa cha kupima kimo kutoka ardhini kwa mawimbi, vifaa vya satelaiti, kamera, kompyuta za mkononi zinazochomekwa kwenye soketi ya sigara. Mzigo huo uliishinda dainamo ya zamani ya ampea 35, na ndege inayoruka chini chini, kwenye joto, kwa mistari mirefu iliyonyooka, haina nafasi ya kupoozwa vizuri. Chaji ikikatika katikati ya mstari, takwimu za mstari ule zinapotea na mafuta yaliyochomwa hayarudi.

Basi daraja likafunguliwa, mita 970 juu ya Rufiji, na lami ikaendelea kusogea kusini mwaka hadi mwaka. Nilishangilia kama kila mtu. Mwanamke mjamzito angeweza kufikishwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na hakuna mtu mwenye akili atakayetamani pantoni irudi. Ila karakanani niliona jambo lingine likiingia nalo. Kipuri kilichokuwa kinachukua mwezi sasa kilifika na basi la usiku, na kupima kukaanza kuonekana kupoteza muda. Ndege haichaji? Badilisha alteneta. Bado? Badilisha kidhibiti cha volti. Bado? Badilisha betri. Mwisho wa siku mwenye ndege amelipa mara tatu, na mara nyingi ubovu umebaki palepale ulipokuwa, kwenye kiungo cha waya.

Nakumbuka ndege moja ya injini moja iliyoletwa kwetu sindano yake ya amita ikitetemeka muda wote, na kila baada ya muda kinga ya umeme mwingi inakata chaji. Ilikuwa imeshabadilishiwa alteneta na kidhibiti kabla haijatufikia, na vyote viwili vilikuwa vizima. Tulifanya kazi ya kizamani. Tuliwasha swichi kuu, injini ikiwa imezimwa, tukapima volti kwenye basi la umeme, yaani njia kuu inayogawa umeme ndani ya ndege, halafu tukapima pale waya unapoingia kwenye kidhibiti. Namba mbili hizo zinapaswa kulingana, au zipishane kidogo sana. Zilipishana karibu volti nzima. Tukapima hatua kwa hatua: fyuzi ya kujikata ni salama, kiungo cha nyuma ya dashibodi ni salama, swichi ya alteneta, ile nusu nyekundu ya swichi kuu, ndipo volti zilipokuwa zinaishia. Ndani yake chuma kilikuwa kimeungua na kuota weusi.

Kidhibiti hakina macho. Kinajua tu volti zinazofika mlangoni kwake. Swichi ile ilikuwa inakidanganya. Basi la umeme lina 14, chenyewe kinaona 13, kinaiambia alteneta iongeze. Ikiongeza, volti zinapanda kupita kiasi. Swichi inashika vizuri kwa mtikisiko, kidhibiti kinapunguza ghafla. Swichi inalegea tena. Huo ndio mtetemo wa sindano, na volti zilipogonga karibu 16 kinga ilikata, kama ilivyotengenezwa kufanya. Swichi mpya, bei yake ikiwa sehemu ndogo tu ya alteneta ile, ikamaliza kila kitu.

Ubovu wa alteneta yenyewe upo, sibishi. Diodi moja ikifa, rubani husikia mlio mwembamba kwenye headseti unaopanda na kushuka pamoja na injini; zima nusu ya alteneta, mlio ukitoweka umempata mhusika. Mkanda ukilegea huacha unga mweusi kwenye puli. Na kwetu adui mkubwa ni vumbi jekundu, linalojipenyeza hadi kwenye brashi za kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Brashi hizo hutengenezwa kwa kaboni na madini ya kinywe, na inanigusa kwamba kinywe hicho kimelala chini ya ardhi ya Ruangwa na Nachingwea. Tulikuwa tukisubiri vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole kutoka ng'ambo, tukikanyaga mali ghafi yake kila siku. Sasa wachimbaji wamefika, na kinywe chetu kinatafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Natamani siku moja tusafirishe zaidi ya magunia ya unga.

Mjukuu wangu amesomea matengenezo ya ndege kwenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na ndege anazozishika zina kifaa kinachorekodi volti sekunde hadi sekunde. Hivi karibuni alinitumia picha ya mstari huo kwa simu. “Shikamoo babu. Inaanza na 28, ikifika dakika ya ishirini inaanguka 25, ikipoa inarudi. Niagize alteneta?” Mstari ule ni kitu cha ajabu, mjomba angeutazama kutwa. Lakini unapimwa mahali pamoja tu. Unakwambia ubovu umetokea lini, na swali la wapi linabaki kwa fundi na mita yake.

Nikamwambia arushe ndege mpaka chaji ianguke, ikitua tu afungue kava kabla haijapoa, apime F. Volti za betri zilikuwepo, kwa hiyo njia yote ya nyuma ilikuwa nzima. Akatoa plagi zote ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya, akafungua waya wa F, akazungusha panga boi polepole huku akipima omu. Namba ikawa inaruka: omu chache, halafu juu kabisa, halafu chache tena. Brashi zilikuwa zimekwisha, na kwenye joto springi zake hazikuweza tena kuzisukuma zikagusa. Akaagiza brashi peke yake.

Baada ya hapo aliniomba nimchoree njia nzima ya umeme wa alteneta, kutoka betri hadi F, jinsi nilivyokuwa naichora kwenye ukuta wa karakana. Nimemchorea. Yeye ameongeza kando ya kila kiungo volti alizozisoma ndege ikiwa nzima, injini imezimwa na injini inazunguka, na ameweka nakala kwenye faili la kila ndege wanayoihudumia.