Shimo Chini ya Kitanda

Basi dogo la kwenda Ruashi haliondoki katikati ya Lubumbashi mpaka lijae, na kujaa kwake ni jambo la ubishi. Abiria wanaona limeshajaa; kijana wa mlangoni anaona bado kuna nafasi ya watu watatu na gunia la makaa. Nilikuwa nimeingia Kongo kwa njia ya malori, Tunduma hadi Kasumbalesa, barabara ambayo madereva wetu wameisimulia vya kutosha. Kilichonileta ni igizo la vichekesho na nyimbo, aina ambayo Wakatanga wanaipenda na ambayo sisi wa Tanzania tunaiona vipande vipande kwenye simu.

Mwenyeji wangu, fundi redio mstaafu, aliitwa Papa na kila mtu, mimi nikiwemo.

"Bantu ba hapa banacheka tangu zamani, uyue," aliniambia, akaanza kuhesabu. Miaka ya 1950 vijana wa Kenya (si nchi, ni komuni ya jiji hili) walikuwa na kundi lao, Jecoke, yaani Jeunes Comiques de la Kenya, lililochanganya kuimba, kucheza na kuchekesha. Édouard Masengo, mpiga gitaa aliyekuja kuvuma Nairobi, alipitia huko. Kisha akaja Mufwankolo, jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, ambaye kundi lake liliingia majumbani kwa televisheni.

Papa anakumbuka mwaka 1986. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyewahi kufundisha chuo kikuu hapa, alikuwa mgeni wa watu, akaandaliwa firigisi ya kuku. Alipouliza kama aigawe, akajibiwa kwa methali: madaraka huliwa mazima. Akawapelekea kina Mufwankolo swali la maana yake, nao wakamjibu kwa kutunga mchezo. Hawakuandika maneno. Walijadiliana kisa, wakagawana nafasi, kila mmoja akatafuta ulimi wake mwenyewe. Kuzungumzia madaraka namna hiyo kwenye televisheni, na Mobutu yuko kitini, kulihitaji watu wanaojua kuchekesha.

Basi liliondoka hatimaye. Ruashi iko kaskazini-mashariki ya jiji, upande wa uwanja wa ndege wa Luano, na ukiingia unaona mara moja watu wanaishi juu ya nini: vumbi jekundu, mgodi wa wazi, malori. Hapo jirani ndipo ulipo mgodi wa Étoile, ulikotoka mawe yaliyoyeyushwa kuwa shaba ya kwanza ya kampuni ya Union Minière mwaka 1911.

Igizo lilikuwa katika ukumbi wa parokia, benchi za mbao, watoto wameketi chini mbele. "Yaya, ikala apa," mama mmoja akanisogezea nafasi, akanipakatisha mwanawe bila kuniuliza. Jukwaani palikuwa na kitanda kimoja na pazia la kitenge. Pembeni wapiga magitaa wawili, kwa mtindo ule wa vidole aliorekodiwa nao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, ngoma, na mzee aliyegonga chupa ya Fanta kwa kijiko.

Kisa ni hiki. Mpangaji asiye na kazi anaangusha sarafu, inazama kwenye ufa wa sakafu, naye akiifuata anakuta jiwe la kijani. Malakiti, jiwe la shaba! Anaanza kuchimba usiku chini ya kitanda, na mkewe akiuliza kelele za nini, anasema panya. Kisha mama mkwe anawasili kwa matembezi yasiyo na tarehe ya mwisho, na kitanda anachopewa ni hicho hicho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huko Kolwezi, mtaa wa Kasulo, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao kweli, miaka ya 2010.

Uzuri wa mchezo ulikuwa katika nyimbo. Kila mume alipobanwa, gitaa lilianza naye akaimba badala ya kujibu. Mke anauliza kwa maneno, mume anakimbilia wimbo, na kadiri uongo unavyokua ndivyo sauti inavyozidi kuwa tamu. Nimeona maigizo mengi yenye nyimbo zilizopachikwa ili wachezaji wapumzike. Hapa wimbo ulikuwa maficho ya mwongo. Tukaizoea kanuni hiyo, tukatulia. Ndipo mama mkwe, mwanamume mnene aliyevaa vitenge viwili, alipoigundua siri ya mkwewe, akaanza kuimba yeye, kwa sauti nzuri kuliko yake. Mtoto niliyempakata aliruka.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Magitaa yakafa. Ikabaki chupa, kisha ukumbi mzima ukaishika chupa hiyo kwa makofi, ukiimba swali moja: "Panya gani?" Simu zikawashwa tochi, zote zikammulika mume, aliyesimama hana gitaa la kujificha. Alichosema hapo hakikuwa kimepangwa, nina hakika, maana mkewe wa jukwaani alicheka mpaka akaketi.

Baada ya hapo mchezo ulirefuka kupita kiasi, na mwishoni kiongozi wa kundi akatoka kutufundisha kwamba uongo ni mbaya. Ningekuwa mimi, ningeikata sehemu hiyo. Papa alikataa katakata: bila mafundisho, mzazi gani atatoa falanga za kiingilio?

Kwenye basi la kurudi abiria hawakujadili uongo hata kidogo. Walibishania malakiti.

"Ni ya mupangaji," alisema mama mwenye beseni la samaki. "Alilipa miezi sita mbele!"

"Apana, mama. Ni ya mwenye nyumba. Udongo ni wake."

Dereva akageuka. "Mote munakosa. Ni ya Leta." Na sheria ya madini ya Kongo, ya mwaka 2002, inasema hivyo hivyo: kilicho chini ya ardhi ni cha dola. Basi zima lilimzomea. Yeye akazima injini, akasema haendi popote mpaka nauli zote zifike mbele.