Jirani yetu wa mwisho wa mto

Sisi wa Handeni na Korogwe ni watu wa bara. Kaa tunamjua kwa methali zaidi kuliko kwa macho. Wazee hutuambia: kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Yaani shauri limefika mwisho. Tulipowapeleka watoto Pangani baada ya Idi kuwajulia hali ndugu zao, tulimkuta kaa huyo kwenye matope ya mlango wa mto, naye gando lake lilikuwa na maneno mengine pia.

Maji yalikuwa yamekupwa, na kaa wadogo wametoka mashimoni chini ya mikoko. Dume ana gando moja kubwa na jingine dogo. Kubwa halimfai kwa kula. Hulipunga kumwita jike na kuwaonya madume wenzake. Kwa lile dogo huchota tope, huchuja chakula kinywani, kisha huliacha tope lililobaki likiwa vidonge vya mviringo. Bahari ikijaa, hurudi shimoni na kuziba mlango. Mashimo hayo hupitisha hewa matopeni, na mizizi ya mikoko hunufaika.

Binti yetu akauliza: "Tope hili limetoka wapi?"

Tukamjibu: "Mwanetu, jingine limepita kwetu."

Mto Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, ukapokea Mkomazi na Luengera upande wa Korogwe, ukapita Hale penye mitambo ya umeme tangu 1964, ndipo ukafika baharini. Basi dawa za shambani, mafuta machafu ya magari na mifuko ya plastiki vikiachwa vichukuliwe na mto, havipotei. Humfikia kiumbe ambaye riziki yake imo ndani ya tope lenyewe, na humfikia mvuvi anayeitegemea mikoko ile kulisha wanawe.

Dini yetu imesisitiza mno haki ya jirani, nasi tumezoea kumhesabu jirani kwa kuta na milango. Mto una hesabu yake: kila anayepokea maji baada yetu ni jirani. Iwapo kaa ni halali kuliwa au la, hilo tunawaachia masheikh, kwani wanazuoni wamehitilafiana. Lakini kumlisha sumu, hatujasikia mwanazuoni aliyekuruhusu.

Wazazi wenzetu, tuwafundishe watoto haya wangali wadogo. Allah atuwafikishe.